Mjadala: Je, Freddie Mercury anastahili kibao cha kihistoria barabarani Zanzibar?

Mwana wa Shangani

Ndugu zangu, ninaiweka hoja hii mbele yenu nikijua itawakera baadhi. Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury wa bendi ya Queen, alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Feltham, nje kidogo ya London, ambako wazazi wake walihamia mwaka 1964, nyumba yao ya Gladstone Avenue ilibandikwa kibao cha buluu na shirika la English Heritage mwaka 2016. Montreux, Uswisi, ambako bendi hiyo ilikuwa na studio, sanamu yake imesimama kando ya ziwa tangu mwaka 1996. Kwetu sisi, ukiondoa makumbusho madogo yaliyofunguliwa Shangani mwaka 2019 kwa juhudi za watu binafsi, hakuna kikubwa cha kumwonesha mpita njia. Ninapendekeza vibao rasmi vya kihistoria, kimoja katika barabara itokayo uwanja wa ndege na kingine pale Mji Mkongwe unapoanza, viseme kwa Kiswahili na Kiingereza kwamba mtu huyu alizaliwa hapa. Mnaonaje?

Mzee wa Malindi

Kijana wangu, vibao hivyo vitawafaa mapapasi peke yao. Wao ndio wanaowazungusha wageni vichochoroni tangu asubuhi, mmoja akionesha nyumba hii na mwenzake akionesha ile, na kila mmoja anaapa kwamba hapo ndipo alipolala Freddie. Zaidi ya hayo, suala hili si geni. Mwaka 2006, mgahawa mmoja wa ufukweni ulipotaka kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake, Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu ilipinga hadharani, na sababu zake zilikuwa zilezile ambazo mzazi yeyote wa hapa angezitoa kuhusu mwenendo wa marehemu. Sioni kilichobadilika tangu wakati huo isipokuwa idadi ya hoteli.

Mtembeza Wageni

Mzee wangu, shikamoo, lakini neno hilo la papasi sikulipenda na sitalinyamazia. Mimi nina leseni na kitambulisho, nimesomea kazi hii, na ninalipa ninachotakiwa kulipa. Papasi ni yule anayemsubiri mgeni bandarini akimshika mkono asiyemjua. Kutuchanganya sisi na wao ni sawa na kumwita daktari mganga wa ramli kwa sababu wote wawili hushika mgonjwa.

Mngesimama nami mlangoni pa makumbusho pale Shangani kwa saa moja tu mngeelewa ninachosema. Wageni husimama katikati ya njia wakipiga picha za picha zilizotundikwa ukutani, vespa inapiga honi nyuma yao, hawasikii. Wazee wa Kijerumani wenye mvi huanza kuimba pale pale mbele ya mwenye duka la vinyago, naye amekwisha kuzoea. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Hakuna msanii mwingine wa Zanzibar ambaye mgeni hushuka kwenye ndege akiwa tayari na jina lake mdomoni.

Maalim wa Historia

Ninaomba tusiishie kwenye leseni za watembezaji, kwa maana kuna jambo zito zaidi. Mwandishi wa hoja anazungumzia bendi, si mtu mmoja tu, na bendi ina historia yake. Queen hawakuwahi kupiga muziki Zanzibar, na hilo si kosa lao. Walipokuja upande wetu wa Afrika, mwezi Oktoba 1984, walikwenda Sun City, ndani ya Bophuthatswana, bantustani iliyoundwa na utawala wa makaburu, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wa dunia wasusie kwenda huko. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na majina yao yakaingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo huo.

Kumbukeni wakati huo sisi tulikuwa wapi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na watoto wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa wanasoma Mazimbu, Morogoro. Nchi hii ilijinyima mengi kwa ajili ya jambo hilo. Kwa hiyo kabla hatujajadili mwenendo wa mtu chumbani mwake, ambao mimi ninamwachia Mola wake, ningependa kusikia anayetaka kibao ananijibu vipi kuhusu jukwaa la Sun City.

Mzee wa Malindi

Marahaba, mwanangu Mtembeza Wageni. Leseni haimfanyi mtu asiseme uongo. Jirani yangu aliwahi kusikia kwa masikio yake mtembezaji mwenye kitambulisho shingoni akiwaambia Wafaransa kwamba baba yake Freddie alikuwa tajiri wa karafuu. Mzee Bomi Bulsara alikuwa mtunza fedha wa mahakama katika serikali ya Waingereza, mwajiriwa wa kawaida. Mkiachiwa vibao, mtaandika karafuu kwa herufi kubwa.

Kijana wa Mwanakwerekwe

Kwani mmesahau kwamba wimbo wao mkubwa kuliko zote, Bohemian Rhapsody wa mwaka 1975, una neno Bismillah ndani yake, tena linarudiwarudiwa? Mtu asiye wa kwetu angelitoa wapi neno hilo? Kwangu mimi huo ni ushahidi tosha kwamba Unguja haikumtoka rohoni. Halafu nimesikia kwamba Queen waliwahi kuimba Uwanja wa Amaan.

Maalim wa Historia

Kijana, hawakuimba Amaan. Nimekwishasema kwamba hawakuwahi kupiga Zanzibar kabisa. Na kwa faida ya wengine, familia ya Bulsara ilikuwa ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta waliotoka Gujarat, na nyumbani walizungumza Kigujarati. Neno Bismillah mtoto wa Mji Mkongwe yeyote angelisikia kila siku bila ya kuwa Muislamu, kwa hiyo ushahidi wako una uzito fulani, ila si ule unaoudhania. Swali langu la Sun City bado liko pale.

Binti wa Fumba

Nimesoma mara mbili ile sentensi ya kaka yangu Mtembeza Wageni kwamba hakuna msanii mwingine wa Zanzibar ambaye jina lake linatangulia. Damu ilinichemka. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, binti wa watu maskini, akaja mjini akiuza vyungu, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, wakati ambapo hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga Unguja walimjua kwa sauti. Shaaban Robert hakuona aibu kuuandika wasifu wake. Chama cha wanahabari wanawake cha Tanzania, TAMWA, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Bi Kidude, aliyejifunza mengi kwa kuzisikiliza nyimbo za Siti, alipewa tuzo ya WOMEX, maonesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005 mbele ya watu wa mataifa, akafariki mwaka 2013, na alipozikwa umati ulijaa barabarani.

Farrokh Bulsara alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akiwa na umri wa miaka minane hivi, akarudi mwaka 1963 na kuondoka tena mwaka uliofuata. Hesabuni wenyewe miaka aliyoishi hapa. Simchukii. Ninauliza tu kwa nini tunaanza na kibao cha mtu aliyeimbia wengine, ilhali aliyetuimbia sisi, kwa lugha yetu, kuhusu dhulma za mahakama zetu na vituko vya matajiri wetu, tunamwachia vitabu vya shule.

Mtembeza Wageni

Dada yangu, sikusema hakuna msanii mkubwa kuliko yeye. Nilisema jina ambalo mgeni anakuja nalo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na unajua ni tofauti. Tena ninakwambia mimi ndiye ninayewapeleka wageni kusikiliza taarabu jioni, na kabla ya kufika ninawasimulia habari za Siti, za kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, na za Bi Kidude na sigara yake. Wanakuja kwa Freddie, wanaondoka na Siti. Ukiondoa kivutio, hutampata wa kumsimulia.

Binti wa Fumba

Kwa hiyo Siti ni kitafunio anachopewa mgeni baada ya kushiba Freddie. Ahsante, kaka, umenifafanulia vizuri.

Mzanzibari wa Ughaibuni

Ninaishi karibu na Feltham, kwa hiyo niruhusuni niseme kuhusu huo mfano ambao mwandishi wa hoja ameanza nao. Kabla ya kile kibao cha buluu, mji ule ulimwekea Freddie nyota ya kumbukumbu katika eneo la maduka mwaka 2009, mama yake mwenyewe na mpiga gitaa Brian May wakahudhuria uzinduzi. Mwaka 2011 ikaondolewa kwa sababu ilikuwa imechakaa. Hii ni nchi tajiri, yenye baraza la mji na bajeti, na bado kumbukumbu haikumaliza miaka mitatu barabarani. Sasa fikirini kibao cha bati kwenye chumvi na jua la Unguja. Nani atakipaka rangi? Kabla ya hapo nani atakiidhinisha? Mji Mkongwe uko katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na huwezi kuamka asubuhi ukapigilia kitu ukutani bila ya Mamlaka ya Mji Mkongwe kukubali maandishi, ukubwa na rangi yake.

Kisha kuna jambo ambalo naona mnalizungukazunguka. Kibao kitasema alizaliwa 1946 na familia ikahama 1964. Msomaji mwenye akili atauliza kwa nini 1964. Waparsi, Wahindi na Waarabu wengi waliikimbia Unguja baada ya Januari ile, na kijana wa miaka 17 alikuwa mmoja wao. Kama kibao hakitalisema hilo, basi kinasimulia nusu.

Mzee wa Malindi

Nilijua tutafika huko. Sisi tulioshuhudia hatuhitaji kufundishwa na mtu aliyekaa kando ya kipasha joto. Mapinduzi yalikuwa na sababu zake, na sababu hizo hazitoshi kwenye kibao cha mwanamuziki, na wala haziwezi kufupishwa kwa ajili ya mtalii anayesubiri juisi ya miwa Forodhani.

Mzanzibari wa Ughaibuni

Mzee wangu, sikusema Mapinduzi hayakuwa na sababu. Nilisema familia iliondoka kwa sababu yake. Mbona hilo linawaka moto? Mama yangu pia aliondoka, na hakuna aliyemwandikia kibao.

Kijana wa Mwanakwerekwe

Tumerudi kwenye siasa. Mada ilikuwa muziki. Huyu mtu mwaka 1985, Julai, alipanda jukwaa la Wembley katika tamasha la Live Aid la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia, na hadi leo watu wanasema hakuna aliyewahi kulitawala jukwaa kama yeye siku ile. Hiyo si Afrika?

Maalim wa Historia

Miezi tisa tu baada ya Sun City, kijana. Umelikaribia swali langu bila ya kukusudia. Mtu anaweza kusema Live Aid ilikuwa njia ya kusafisha jina, na mwingine atasema moyo wake ulikuwa mwema siku zote na Sun City ilikuwa upofu wa watu wa burudani, ambao hujiambia kwamba muziki hauna siasa. Kwa uadilifu nitaongeza kwamba mwaka 2003, Freddie akiwa ameshafariki miaka 12 nyuma kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, wenzake Brian May na Roger Taylor walipiga Cape Town katika tamasha la Mandela la kupambana na UKIMWI, naye Mandela mwenyewe alikuwapo. Ikiwa yeye aliweza kukaa nao, huenda na mimi ninaweza kukaa na kibao. Ila nisingependa kibao kinachosema Afrika ilimzaa na kunyamaza kuhusu alichofanya aliporudi Afrika.

Mtembeza Wageni

Maalim, hicho sasa ni kitabu, si kibao. Mgeni anasimama pale kwa dakika moja.

Lakini kwa kuwa Mzee wa Malindi ameligusa, nitasema ukweli ambao wenzangu hawatapenda. Zipo nyumba kadhaa mjini zinazodaiwa kuwa ndiyo ile, na watembezaji tunazitaja kulingana na njia tunayopita. Kibao rasmi kingetulazimisha wote tuseme kitu kimoja. Hiyo ndiyo faida ninayoiona mimi, kabla hata ya wageni.

Mzee wa Malindi

Basi umekubali kwamba mnasema uongo.

Mtembeza Wageni

Nimekubali kwamba hakuna aliyetuandikia, mzee wangu.

Mwana wa Shangani

Ninaona hoja yangu imechukuliwa na kila mtu ameondoka na kipande chake. Ninapunguza pendekezo. Tuache cha barabara ya uwanja wa ndege. Kiwekwe kimoja tu Shangani, kianze na jina alilopewa na wazazi wake, Farrokh Bulsara, kiseme kwamba walikuwa Waparsi, baba akifanya kazi mahakamani, kwamba mtoto alisomeshwa India, kwamba familia iliondoka mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, na kwamba huko alikokwenda akawa mwimbaji wa Queen. Nyumba isitajwe mpaka Mamlaka iridhike na hati. Kuhusu Sun City, Maalim, sina jibu la kukutosheleza, na sidhani kibao cha alikozaliwa mtu ndicho mahali pa kumhukumu.

Binti wa Fumba

Nami ninaunga mkono, kwa sharti moja. Barabara ya kwenda Fumba siku hizi ina mabango ya nyumba mpya zinazouzwa kwa wageni. Kibao cha Siti kiwekwe huko siku hiyohiyo ambayo cha Shangani kitawekwa, kwa bajeti ileile na ukubwa uleule. Kaka Mtembeza Wageni awe wa kwanza kuleta basi lake, na safari hii Siti awe mlo.

Mzee wa Malindi

Cha Fumba nitakichangia. Cha Shangani bado ninakipinga.