Mjadala: Je, Ulaya ilikosea kuiacha CAIRT?

Mkuu, nimeielewa hoja yako. Unasema Shirika la Anga la Ulaya lilifanya sawa mwaka 2025 kuchagua WIVERN, setilaiti ya kupima upepo ndani ya mawingu, na kuiacha CAIRT iliyokusudiwa kupima gesi za anga ya juu. Kwako Mkataba wa Montreal wa 1987, uliozuia kemikali zinazoharibu ozoni (gesi ya juu inayotukinga na miale mikali ya jua), umeshafanya kazi yake, na vituo vya ardhini vinatosha kuifuatilia. Umekumbusha pia kwamba tundu la ozoni lilitangazwa 1985 na Waingereza waliopimia ardhini kule Halley, Antaktika. Hapo sina ubishi.

Ila vipimo vya Halley vilionyesha ozoni imepungua, havikuonyesha imeliwa na nini. Chanzo huanzia katika giza la usiku wa ncha. Wakati wa baridi kwenye ncha za dunia, stratosfera, yaani tabaka la anga lenye ozoni, ikifika karibu nyuzi 78 chini ya sifuri, mawingu hujitunga, asidi ya nitriki inamezwa humo, na klorini iliyokuwa imefungwa ndani ya HCl (kloridi ya hidrojeni) inaachiwa juu ya chembe za mawingu hayo. Jua likirudi, klorini hiyo inaanza kuitafuna ozoni, na ClO, gesi ya klorini na oksijeni inayotokana na ulaji huo, inapanda. Kifaa kinachotegemea mwanga wa jua hakioni kitu katika usiku wa ncha unaodumu kwa miezi. MLS, kifaa kilichorushwa ndani ya setilaiti ya Aura ya NASA Julai 2004, hupokea mawimbi yanayotolewa na gesi zenyewe, mara 3,500 hivi kwa siku, usiku na mchana. Ndiyo maana tunaweza kufuata HCl ikishuka siku hadi siku.

Na anga haijatulia. Mwaka 2020, kwenye kimo cha kilomita 18 hivi juu ya Aktiki, ozoni ilikaribia kuisha. Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga iliongeza mvuke wa maji wa stratosfera kwa takriban asilimia 10, na kiasi hicho tumekijua kwa MLS.

MIPAS, kifaa cha Ulaya kilichopima gesi hizi, kilipotea pamoja na setilaiti yake Envisat Aprili 2012. Aura, inayobeba MLS, imezeeka. ACE-FTS ya Kanada ni kifaa kizuri mno, lakini husubiri jua lichomoze au lizame, kwa hiyo hupata vipimo 30 hivi tu kwa siku.

WIVERN yenyewe siipingi, utabiri wa dhoruba unaokoa watu. Ninachopinga ni kuliita dogo pengo hili la vipimo litakaloachwa bila CAIRT. Majira ya baridi yasiyopimwa hayapimiki tena baadaye. Basi nitajie kituo cha ardhini kitakachopima HCl juu ya Antaktika yote mwezi Julai.