Wakuu, kuna mtu bado anasoma blogu siku hizi au tumebaki kujisomea wenyewe?

KalamuKavu:
Habari za saa hizi wanajamvi. Nina blogu yangu tangu 2009, mambo ya kawaida tu, vitabu ninavyosoma na malalamiko yangu. Enzi zile unaandika posti usiku, ukiamka unakuta komenti kumi na kitu, nusu zinakupinga na moja ni ndefu kuliko posti yenyewe. Sasa hivi naandika napata komenti mbili, zote za roboti, moja inanisifia "makala nzuri sana endelea hivyo hivyo" halafu chini imebandika linki ya vidonge.

Juzi nikachomoa aya moja tu kwenye makala nikaiweka kama picha kwenye mtandao wa kijamii, ikapigwa laiki mia nne na ushee. Nikaweka linki ya makala nzima pale pale chini, waliobonyeza ni tisa. Tisa wakuu! Na mmoja kati ya hao tisa ni mimi nilikuwa nacheki kama linki inafunguka.

Sasa naulizeni, blogu zimekufa kweli au ni mimi nimechuja? Nifunge nihamie kwenye video? (sura yenyewe si ya video, tusidanganyane). Msinifariji, nipeni ukweli.

MzeeWaLinki:
Mkuu hujachuja, njia ya kuja kwako ndo imeota majani. Wengi hapa hawajui kwamba neno weblog lilitoka kwa jamaa anaitwa Jorn Barger, Desemba 1997, na kwake lilikuwa na maana ya kuweka kumbukumbu ya kurasa alizopita mtandaoni, yani leo nimekuta hiki, nendeni mkasome. Kwa hiyo toka mwanzo kazi ya blogu ilikuwa kumuelekeza msomaji kwa mwenzako. Ikaja Blogger 1999, ikaja WordPress 2003, kila mtu akawa na kijumba chake, na pembeni ya kila blogu kulikuwa na orodha ya blogu za marafiki, unaingia kwa mmoja unatokea kwa mwingine mpaka unajikuta saa nane usiku unasoma habari za mfuga nyuki.

Halafu kulikuwa na Google Reader, hii ilianza 2005, ilikuwa inakukusanyia posti mpya za blogu zote unazofuatilia sehemu moja, bila mtu kukupangia uone nini. Tarehe 1 Julai 2013 wakaizima. Siku ile nilipoteza blogu kama themanini, na kusema kweli zilizobaki kichwani ni tano au sita tu. RSS, ule mfumo uliokuwa unailetea Reader hizo posti mpya, bado ipo na inafanya kazi mpaka leo, ila nenda kamuulize mtu RSS ni nini uone atakavyokutazama.

Dogo_Janja_Si_Mimi:
Wazee na shikamoo zenu nawapa, ila hapa mnazipamba sana hizo enzi. Mimi blogu nilizozikuta zilikuwa ni kopi na kupesti, habari moja kwenye blogu ishirini na hakuna aliyetaja chanzo, matangazo yanarukaruka unataka kubonyeza "soma zaidi" unajikuta umepelekwa kwenye kamari. Nani aombolezee hiyo?

Na watu hawajaacha kusoma. Kuna magrupu watu wanaandika mambo marefu na mazito kuliko blogu yoyote, na tunasoma mpaka mwisho. Tatizo hakuna anayetoka nje ya app. Instagram ukiweka linki kwenye maelezo ya picha haibonyezeki kabisa, eti "linki ipo kwenye bio". Kaka hao watu tisa wako ni mashujaa.

MzeeWaLinki:
Marahaba. Ya kopi na kupesti nakubali, ilikuwa aibu.

kimya_kimya:
Dogo kagusa penyewe hapo kwenye linki. Kuna mwanablogu wa Iran, Hossein Derakhshan, alifungwa 2008 akatoka 2014, alivyotoka akakuta mtandao aliouacha haupo tena, mwaka uliofuata akaandika makala ndefu akilalamika kwamba linki imepoteza nguvu yake, kila mtu amekaa anaangalia kinachopita mbele yake kama televisheni. Sisi tulikuwa nje muda wote huo na hatukuona kitu kwa sababu kilikuwa kinabadilika kidogo kidogo.

Na sasa zimekuja hizi akili mnemba, mtu anauliza swali anapewa jibu lililochotwa kwenye makala yako, ameshiba, kwako haji. Ila KalamuKavu usifunge bana. Ulichokiweka kwenye app ya watu ni cha watu, waliokuwa GeoCities, ile huduma ya kujitengenezea kurasa bure, waulize, 2009 ilifungwa na kurasa zao. Pew, wale watafiti wa Marekani, walitoa ripoti mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo 2013 hazifunguki tena. Wewe ya kwako inafunguka, na unaona hilo ni jambo dogo?

Halafu nikuulize na usinikasirikie. Mara ya mwisho WEWE kuacha komenti kwenye blogu ya mtu ilikuwa lini?

KalamuKavu:
Duh.

Nimekaa na hilo swali toka jana. Sikumbuki, labda 2014. Nilihamia kule kwenye laiki kama wengine, nikawa narudi kwenye blogu yangu kutupia posti na kuondoka, halafu nashangaa mbona mtaa umepoa na mimi mwenyewe nilishaacha kubisha hodi kwa jirani.

Basi leo nimefungua ile orodha yangu ya pembeni, sikuwa nimeigusa miaka na miaka. Majina thelathini na moja. Kumi na tisa hazifunguki, mbili zimegeuka maduka ya viatu, moja ni ya kamari (dogo usicheke). Nane zipo ila zimesimama, posti ya mwisho ya kila mmoja ni ile ile, "samahani nilipotea, sasa nimerudi rasmi". Na moja, yule dada aliyekuwa ananipinga kwa kila kitu, ameandika wiki mbili zilizopita. Miaka yote hii alikuwa anaendelea tu! Komenti sifuri.

Nimemwandikia ndefu, nimempinga kama zamani. Mtambo ukanitaka nithibitishe mimi si roboti, nichague picha zenye taa za barabarani, nikakosea mara mbili. Sasa hivi inasema "maoni yako yanasubiri kuidhinishwa".

Dogo_Janja_Si_Mimi:
Hahaha, weka linki ya huyo dada basi tukasome.