Naomba ushauri: mnara wa mashujaa umepasuka, herufi zinadondoka

Wakuu, naomba msaada wa mafundi mawe. Mnara wa kumbukumbu ya askari wa mji wetu waliofia vitani ni wa marumaru nyeupe, majina yamechongwa na kujazwa madini ya risasi. Herufi kadhaa zimeng'oka, na kona mbili za chini zimepasuka, zinatoa michirizi ya kutu. Bila shaka ni vile vipini vya chuma vilivyoshikanisha mawe: chuma kikishika kutu huvimba, kikalipasua jiwe kutoka ndani.

Usafi si tatizo. Maji safi na brashi laini ya nailoni, kuanzia chini kwenda juu ili maji machafu yasiache mistari kwenye jiwe kavu. Kuna wanaoshauri asidi ya kusafishia vigae. Jamani, asidi inayeyusha marumaru, na majina yanaondoka nayo! Brashi ya waya nayo hapana.

Ninapokwama ni kwenye vipini. Nataka kuweka vya chuma cha pua kisichoshika kutu kirahisi, daraja la 316. Vya zamani nivitoe kwa kutoboa pembeni, au nikate kiungo kati ya mawe kwa msumeno nilinyanyue jiwe zima?

Pia viungo vilizibwa kwa saruji, ambayo ni ngumu mno na inafungia unyevu ndani. Chokaa 1 kwa mchanga 3 itafaa, au ni dhaifu kwa kiungo chembamba cha milimita 3?

Na herufi: risasi mpya, au rangi tu? Kuchonga upya sitaki, kunakula jiwe.