Mama yetu kalima mwani Paje tokea ulipoanza, nataka wajukuu wajue kazi yake. Nianzie wapi?

Mzaliwa wa Paje:
Asalaam aleikum wana jukwaa. Mama yetu ametangulia mbele ya haki, hitma tumeshasoma, na wote waliokuja kutupa mkono wa pole Mungu awalipe. Sasa nna jambo naomba mnisaidie mawazo, hasa nyinyi wa Kusini Unguja, na wa Kidoti huko kaskazini, na ndugu zetu wa Pemba maana siku hizi mwani mwingi unatoka kwenu.

Mama kalima mwani tokea ile miaka ya mwanzo kabisa. Mwani wa biashara ulianza kwetu Paje na Jambiani 1989, mbegu zimeletwa kutoka Ufilipino, na yeye alikuwemo kwenye wale wanawake wa mwanzo kuingia maji wakati wazee wengi wanauliza kupanda majani baharini ndo mambo gani haya. Kabla ya hapo akisokota kamba za usumba kama wenziwe, makumbi unayafukia pwani mpaka yaoze ndo unayatoa kuyapiga. Baba alikuwa mvuvi, leo kapata kesho kakosa, kwa hivo madaftari ya skuli, yunifomu, mafuta ya taa, mchele wa sikukuu, yote hayo yametoka kwenye mwani. Nyumba ya matofali tunayokaa hivi sasa msingi kauchimbisha yeye.

Shida yangu ni wajukuu. Wengine wako Maskati na wazazi wao, wengine Dar, wanamjua bibi mgonjwa wa mgongo anaekaa barazani basi. Msibani kila aliesimama alisema "alijitolea kwa wanawe", na ni kweli tupu, lakini mtoto wa miaka kumi akisikia hivo anaona nini kichwani? Hamna kitu. Nataka niandike kurasa chache kila mjukuu apate yake. Sisi watoto wa kiume tulikuwa skuli na chuoni, alichotuletea nakijua ila kazi yenyewe hatua kwa hatua siijui, na picha yake akiwa baharini hata moja haipo. Mngeanzia wapi? Na kipi msingependa kiachwe?

Bi Jambiani:
Wa aleikum salaam mwanangu, Mungu amlaze mama pema peponi. Mie nimelima na bado nalima kidogo kidogo.

Anzia kwenye mwezi. Sie hatukwenda kazini kwa saa ya ukutani, tulikwenda kwa maji. Bamvua likianza, zile siku maji yanatoka mbali sana, maji yanakuwa chini asubuhi saa mbili saa tatu, kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, mpaka bamvua linakwisha uko baharini saa saba mchana na jua lote la utosi. Kwa hivo kila kitu cha nyumbani kinasogea na maji, leo wali umepikwa kabla ya kutoka, siku ya nne unapika ukirudi na watoto washalia njaa. Waambie wajukuu hivo, bibi yenu alikuwa anajua maji yatatoka saa ngapi wiki ijayo bila ya kuuliza mtu.

Halafu waeleze kufunga mbegu maana hapo ndo penye kazi. Unavunja kipande cha mwani kama kiganja hivi, unakizungushia tai-tai, ile kamba nyembamba, unapiga fundo kwenye kamba kubwa. Ukikaza sana mwani unakatika, ukilegeza wimbi linauchukua, na mbegu zinafuatana kwa karibu kamba nzima, ukimaliza hiyo kuna nyengine. Vidole vinachanika na maji ya chumvi yanaingia humo humo. Maji mafu, zile siku maji hayatoki sana, hatuendi baharini lakini tunafunga nyumbani ukumbini, na watoto wanafunga pia, we mwenyewe nna hakika umefunga tai-tai za mama yako ila umesahau.

Baada ya wiki sita ndo unavuna. Gunia bichi linavuja maji mgongoni mpaka nyumbani. Unaanika, mvua ikiunyeshea umekwenda na maji, na ukishakauka kilo saba nane za mbichi zinakupa kilo moja ya kupima. Hiyo kilo moja iandike.

Mvuvi wa Makunduchi:
Pole kaka. Kwa upande wangu naomba usiache bei, watu wanaposimulia mama zetu wanaruka pesa kama vile ni aibu. Mwani unakwenda Ulaya, Marekani, China, huko unatolewa kitu cha kugandisha wanaweka kwenye dawa ya meno, aiskrimu na mengine chungu nzima, na mnunuzi ndo aliekuwa anapanga bei yeye peke yake, mkulima anaambiwa tu mwaka huu ni kiasi hichi. Mwanzoni wanaume waliingia pia, walipoona malipo madogo wakatoka wakarudi kwenye uvuvi na baadae kwenye mahoteli, wanawake wakabaki. Leo wakulima wa mwani Zanzibar wanatajwa kuwa zaidi ya 20,000 na wengi wao ni kina mama.

Na kuna kotoni, aina moja ya mwani. Kama mama yako alilima miaka yote hiyo basi alilima kotoni pia, ndo iliyokuwa na bei nzuri kuliko spinosum, ile aina nyengine, ila haitaki maji ya moto. Bahari ilivozidi joto kotoni ikawa inageuka nyeupe inaoza inakatika, watu wanapanda inakufa, wanapanda tena inakufa. Wataalamu wanasema ihamishiwe maji ya kina, sawa, lakini mwanamke ambae hajui kuogelea wala hana ngalawa atafikaje huko? Wakarudi kwenye spinosum ya bei ndogo. Wajukuu wakiuliza kwa nini bibi alifanya kazi miaka yote ile na nyumba ikachukua muda mrefu kwisha, jibu lipo hapo, hakuwa mzembe hata siku moja.

UmmKulthum wa Bwejuu:
Nakubaliana na wote ila mimi nna neno. Jamani msimuandike mama wa watu kama mtu wa taabu tu kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Mama yangu pia alilima na nikikumbuka ile miaka nakumbuka kina mama wanarudi pwani wanacheka mpaka unawasikia kabla hujawaona. Habari zote za mji zilikuwa zinazungumzwa kule majini, nani kaposwa, nani kaachwa, nani mtoto wake kapasi, na mume hayupo kusikiliza. Na pesa ilikuwa mkononi mwake, hakusubiri kupewa. Walicheza mchezo wa pesa, wanachangishana na kupokezana, zamu yake ikifika ananunua kitu chake mwenyewe, doti ya kanga, herini, kitanda. Ulizia mama yako zamu yake ya kwanza alinunua nini, kuna mtu atakuwa anajua.

Jengine, nani alikuwa anakaa na wadogo mama akiwa baharini? Kwetu alikuwa dada mkubwa, kaacha kucheza akiwa mdogo sana kwa sababu maji yametoka. Muweke kwenye hizo kurasa, kazi ya mama haikufanyika bila ya yeye.

Mzaliwa wa Paje:
Nimesoma yote, wallahi asanteni. Jana nikampigia dada yetu mkubwa nikamuuliza hilo la mchezo, kanyamaza kidogo halafu akacheka akasema zamu ya kwanza mama alinunua redio, ile ya betri, akawa anaiweka dirishani anasikiliza taarabu huku anafunga mbegu, na baba akawa anakuja kukaa hapo hapo anasaidia kufunga kwa sababu ya redio! Mimi hili sikuwa nalijua kabisa. Redio naikumbuka, siku zote nikidhani ya baba.

Na dada kasema yeye alikuwa anatubeba wawili kwa zamu kutupeleka pwani tukanyonye, wakati maji yakianza kujaa na kina mama wanatoka. Nimemwambia sura nzima ni yake, anakataa, lakini ntaiandika.

Sasa nataka niwapate wale wenziwe wa mwanzo waliobaki niwarikodi kwa simu. Bi Jambiani na wewe kama utaniruhusu. Niko Dar, nafikiria kuja wiki ijayo.

Bi Jambiani:
Wiki ijayo bamvua mwanangu, utakuta nyumba tupu na ukitukuta tumechoka hatuna maneno. Ngoja wiki ya pili yake, maji mafu, sote tuko nyumbani tunafunga. Njoo na dada yako na usije na maswali ya kuandikwa kwenye karatasi, kaa chini ushike tai-tai ufunge na sie, maneno yatakuja yenyewe. Wa Paje ntawapelekea habari, wawili watatu nawajua waliokuwa na mama yako shamba moja, mmoja ana maradhi ya macho lakini kumbukumbu zake nzima, kwa huyo uende kwanza.