Wapenzi wa ditekta tuchangie nini ili mashine ziuweze udongo wetu?

FundiLupa
Wakuu, habari zenu. Mimi ni fundi redio Makongolosi, Chunya. Mchana ni sabufa na chaja za simu, jioni nikipata nafasi najenga ditekta za palsi, yaani mashine za kutafuta dhahabu ardhini kwa kurusha mapigo mafupi ya umeme kwenye koili. Siuzi, ni mapenzi tu. Nilianza na Hammerhead, saketi ambayo Carl Moreland aliitoa wazi kwa yeyote anayetaka kujifunza. Bila kazi yake nisingejua hata pa kuanzia, na deni hilo nataka kulilipa kwa kazi.

Tatizo la huku mnalijua: udongo mwekundu, mawe ya chuma kila hatua. Ukishusha koili mashine inalia pasipo na kitu. Ukipunguza ukali inatulia, lakini chembe ya nusu gramu nayo inapotea. Zipo mashine za kampuni ya Minelab zinazouweza udongo huu, ila mchimbaji mdogo haziwezi, labda wachange kundi zima wapate moja iliyotumika. Inaniuma kuona kijana anapita juu ya riziki yake na mashine isiyosema kitu.

Swali: mtu mwenye solda, multimita na osiloskopu (chombo kinachochora ishara ya umeme kwenye skrini) ya kizamani awape nini hasa wanaobuni saketi mpya? Pesa sina.

Koili_Mwanza
Mkuu, suka koili, pima, toa vipimo hadharani. Chembe ndogo ikipigwa palsi, ishara yake hufifia ndani ya mikrosekunde chache. Mashine inayoanza kusikiliza mikrosekunde 20 baada ya umeme kukatwa imeshachelewa. Tunataka 10 au chini yake. Mara nyingi kinachokwamisha ni koili yenyewe: waya zilizobanana huhifadhi chaji, koili ikakawia kutulia. Jaribu waya wenye ganda nene la teflon, mikrohenri 300 hivi, kisha andika ukinzani wake na rizista iliyoituliza bila kuyumba. Picha tupu za koili zimejaa mtandaoni, mbunifu hazimsaidii.

MamaSaketi, Migori
Kaka fundi, koili ni sawa, lakini ulicho nacho wewe ambacho mbunifu wa Ulaya hana ni huo udongo. Yeye anajaribia bustanini kwake.

Ishara ya udongo wa namna hiyo hushuka kwa mpangilio unaojulikana: muda ukizidi maradufu, inabaki karibu nusu. Metali haiendi hivyo; kila kipande hufifia kwa kasi yake, kulingana na ukubwa na umbo. Kwa hiyo saketi husikiliza mara mbili, mapema na baadaye, kisha ikakuza ile ya pili na kuitoa kwenye ya kwanza mpaka udongo ufike sifuri. Ubaya wake, kuna dhahabu za ukubwa fulani zinazofutika pamoja na udongo. Kupiga palsi fupi na ndefu kwa zamu kunaziba pengo hilo. Minelab waliingia na mbinu hiyo kwenye mashine yao ya SD2000 mwaka 1995, na kwa kuwa hataza (haki ya mvumbuzi pekee) hudumu miaka 20, mbinu za enzi hizo sasa zinaweza kutumiwa na yeyote.

Ila hesabu hizo zinataka udongo wa kweli. Unganisha osiloskopu baada ya amplifaya ya kwanza. Piga picha ya skrini koili ikiwa hewani, kisha ikiwa chini, bila kubadili kitu. Andika muda wa kila mraba, urefu wa palsi, koili ilikuwa sentimita ngapi kutoka ardhini, na kama udongo ni mkavu au umelowa. Osiloskopu ya kizamani inatosha kabisa. Hicho kina thamani kuliko mchango wa pesa, nasema kwa dhati.

Babu_Moro
Fundi, toa yote wazi, na useme wazi kwamba ni ya wote. Józef Kosacki, ofisa wa Kipolandi, alibuni kitambuzi cha mabomu ya ardhini mwaka 1941, hakukiwekea hataza, akawaachia Waingereza; mwaka uliofuata vilitumika 500 hivi kwenye vita vya El Alamein, Misri. Na msidhani ni habari ya dhahabu tu. Wanaotegua mabomu wanasumbuliwa na udongo huohuo mwekundu. Msumbiji ilitangazwa haina mabomu mwaka 2015, na panya wa shirika la APOPO waliofunzwa hapa Morogoro walishiriki, kwa sababu panya hunusa baruti, hajali msumari wala jiwe la chuma. Mashine nayo ikijifunza kutojali jiwe, anayepona ni mtu.

FundiLupa
Shukrani Mama, shukrani wakuu. Nitaanza na mashamba ya huku Makongolosi, kisha Matundasi ambako mawe ni meusi zaidi, mara moja sasa hivi pakiwa pakavu na tena mvua zikishika. Mama, nipangie palsi ya urefu gani, ili za kwangu na za Migori zilingane?

MamaSaketi, Migori
Mikrosekunde 100 kwanza, halafu 250. Koili ya sentimita 28, iguse ardhi. Mimi naanza Jumamosi.