Mrejesho: filta ya hewa

Wadau, ni mimi niliyeuliza filta ya hewa ibadilishwe baada ya kilomita ngapi, gari likiwa zito kupanda mlima. Asanteni sana. Kwanza nilijaribu ushauri wa kuipuliza kwa upepo. Siku tatu, uzito ukarudi. Nilipoifungua tena, lo! Vumbi jekundu limeshikamana kwenye mikunjo kama unga wa wimbi. Kitabu cha gari kinasema 20,000, lakini hakijui murram, yaani barabara ya udongo isiyo na lami, ya kwetu nje ya Njoro. Nikanunua mpya Nakuru mjini, shilingi 900, na mlima sasa linapanda vizuri. Matumizi ya petroli ndiyo hayajapungua hata kidogo, aliyeniahidi hilo anisamehe. Nitakuwa naikagua kila kilomita 5,000, kiangazi mapema zaidi.