Jino langu limeoshwa kwa jiki. Mwarobaini si ungekuwa salama zaidi?

FundiMilango_Langoni
Asalaam aleikum. Mimi mchonga milango hapa Lamu. Juzi nilivuka hadi Mokowe, nikaenda bara kutibiwa mzizi wa jino. Daktari akanifunika kinywa kwa kitambaa cha mpira, akawa anaosha ndani ya jino kwa sindano. Tone moja likapenya. Wallahi ni jiki! Harufu ile ile ya fulana zilizolowekwa. Nilipomuuliza akacheka: "Ni jamaa yake." Mke wangu anasema mwarobaini uko uani na haujaua mtu, mbona wasiutumie? Nimekosa jawabu.

Meno_Malindi
Waaleikum salaam, fundi. Mimi ni msaidizi kwenye kliniki ya meno. Hiyo ni sodiamu haipokloraiti, asilimia 0.5 hadi 5.25. Haiui bakteria tu, inayeyusha na nyama iliyokufa mle ndani. Klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, haiyeyushi, na ikikutana na jiki inatoa machicha ya kahawia. Ubaya wa jiki ni ikipita ncha ya mzizi: uso huvimba papo hapo na kuvilia damu. Ndiyo maana watu wanajaribu mwarobaini, na hata mti wa mswaki.

Lakini "haujaua mtu" si kipimo. Maabara hukuza seli hai, kwa mfano za ufizi, wakazimwagia dawa, kisha rangi ya manjano. Seli iliyo hai huigeuza zambarau. Kwa ISO 10993-5, kiwango cha kimataifa cha kupima vifaa vya tiba, uhai wa seli ukishuka kwa zaidi ya asilimia 30, dawa huhesabiwa sumu kwa seli. Na kitu kile kile kikiwa chepesi seli huvumilia, kikikolezwa zinakufa.

FundiMilango_Langoni
Na jiki yenyewe ikipimwa hivyo?

Meno_Malindi
Inaanguka vibaya! Inavumiliwa kwa kuwa kazi yake iko ndani ya jino, ndiyo ule mpira. Kwa hiyo mbadala usioumiza seli bado hautoshi, lazima pia usafishe. Maji ya dripu karibu hayaumizi seli, lakini yatausafisha mzizi peke yake?

BintiShela
Jamani msije mkasukutua jiki nyumbani.

FundiMilango_Langoni
Nimemsomea mke wangu. Anasema kipimo anacho: majani konzi tatu, sufuria ile iliyovunjika mkono.

Meno_Malindi
Konzi zako au zake?